Chaja ya Gari la Njano

Mtaa mzima ulimwita Rudi Tena, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtahini wa madereva. Mtu akikosea hata kwa upana wa ukucha, yeye hakufoka wala hakugomba, aliandika, akafunga kalamu, akasema, "Rudi tena." Kuna waliorudi mpaka wakaota mvi.

Alipostaafu, watu walitegemea atafuga kuku. Yeye akanunua gari la mbio: la njano, viti viwili, injini nyuma, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Mkewe, mkunga aliyestaafu naye lakini ambaye wajawazito walikuwa bado wanamsimamisha sokoni, alilizunguka mara moja akauliza, "Na mimi nikishaingia humu, nitatokaje?"

Swali halikujibiwa, kwa kuwa gari lenyewe halikutoka. Jua likiwaka, rangi itapauka. Mvua ikinyesha, tope. Siku isiyo na jua wala mvua, vumbi. Basi likawa linalala gerejini wiki sita, wiki nane, na kila Rudi Tena alipojipa moyo wa kuliwasha, akakuta betri imeshakata roho. Mara mbili fundi wa umeme wa magari alikuja kuifufua. Mara ya tatu akachoka.

"Mzee, gari likizimwa halilali lote," alisema. "Kuna saa, kuna alamu, kuna kompyuta, vyote vinanyonya kidogo kidogo. Nunua chaja ya kutunzia betri. Unaichomeka, unaiacha hapo hapo. Betri ikijaa, chaja inapumzika. Ikipungua, inaongeza yenyewe."

Akainunua siku hiyo hiyo: kiboksi cheusi chenye taa tatu na waya mbili za vibano, kimoja chekundu, kimoja cheusi. Akavaa ovaroli. Akavaa na glavu za mkewe za kuoshea vyombo, maana umeme hauna mjomba. Akafungua mlango, akabonyeza kitufe cha boneti ya mbele, ambako ndiko betri ilikokaa.

Kimya. Akabonyeza tena. Ndipo ilipomwingia akilini: boneti inafunguliwa kwa umeme, umeme unatoka kwenye betri, na betri imefungiwa chini ya boneti.

Akampigia fundi, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa safarini.

"Hilo dogo, mzee. Chini ya usukani, pale miguuni, kuna kisanduku cha fyuzi. Ndani yake kuna kijichuma chekundu, kivute kitoke. Halafu uazime moto kwenye gari la mama kwa zile waya zenu nene za kuwashia: nyekundu hapo kwenye kijichuma, nyeusi kwenye chuma cha mlango. Boneti itafunguka."

Mkunga akasogeza kigari chake mpaka karibu, akafungua boneti yake kwa mkono, kama watu wengine. Rudi Tena akaingia kichwa kwanza chini ya usukani. Kiti kilikuwa chembamba, tumbo halikuwa jembamba, na miguu ikabaki nje, juu, kama ya mende aliyepuliziwa dawa.

"Umekiona?" mkewe aliuliza, simu mkononi.

"Naona giza."

"Tulia. Usikaze shingo. Vuta pumzi, toa."

"Usinizalishe, mama watoto!"

"Wote husema hivyo hivyo. Vuta pumzi."

Akavuta pumzi, na kweli kijichuma kikaja. Mkunga akapenyeza mkono, akabana nyekundu, kisha nyeusi. Gari likazinduka, na jambo la kwanza lililofanya baada ya kuzinduka ni kupiga yowe. Alamu ikalia mpaka vioo vya gereji vikatetemeka. Rudi Tena akashtuka, akagonga kisogo kwenye usukani.

"Aa," fundi akasema kwenye simu, "hilo nilisahau kukwambia."

Jirani wa mkono wa kulia, ambaye Rudi Tena alikuwa amemfelisha mara nne, alitoka mbio, nusu ya uso ikiwa na povu la kunyolea. Akaona miguu miwili ikirusha mateke kwenye gari la njano. Akairukia.

"Mwizi! Nimemkamata!"

"Mwachie!" Mkunga akapiga kelele. "Huyo ni wangu!"

Jirani alimwachia, lakini hakuwa na haraka.

Mkunga akabonyeza ufunguo, yowe likakatika, boneti ikafunguka. Yaliyobaki yalikuwa mepesi: kibano chekundu kwenye chanya ya betri, cheusi kwenye nati ya bodi, waya mwembamba ukapitishwa pembeni penye mpira, boneti ikafungwa. Mwisho kabisa wakachomeka chaja kwenye ekstensheni. Taa nyekundu ikawaka, ikafuata ya manjano, na jioni ikawa kijani.

Ikawa sasa kila asubuhi, kabla ya chai, Rudi Tena huenda kuitazama ile taa. Hurudi uso umemkunjuka. "Imejaa," humwambia mkewe. Wiki ya tatu Mkunga akamwambia Jumamosi wataenda kwa dada yake, na wataenda na gari la njano.

"Tukiliendesha si betri itapungua?"

Mkunga akaweka kikombe chini. "Baba watoto, ulinunua gari au ulinunua taa?"

Jumamosi ikafika. Rudi Tena alipiga pasi shati lake mle mle gerejini, akaoga, akaingia garini. Injini ikaitika mara moja, akahisi machozi yakimlenga. Wakatoka. Getini alihisi kitu kama kinawavuta kidogo, akadhani ni tuta.

Njiani watu waliwanyooshea vidole, wengine wakapiga mayowe. Rudi Tena akainua mkono polepole, kama bwana harusi.

"Unaona?" alisema. "Watu wanajua kitu kizuri."

Kwenye makutano askari wa usalama barabarani, mwanamke mrefu, akawasimamisha.

"Shikamoo, mzee. Gari hili ni la umeme?"

"Marahaba. La petroli, binti yangu."

"Basi hii ni nini?"

Rudi Tena alishuka. Waya ulitoka kwenye boneti ukapita ubavuni; kisha ikafuata chaja, iliyopasuka; kisha mita sita za ekstensheni; na mwisho wa yote, ikiwa bado imechomekwa, pasi ya mkewe, imeparuzika kama iliyokwanguliwa kwa patasi. Watu wangapi aliwafelisha kwa kutozunguka gari kabla ya kuliwasha? Alisimama akiitazama ile pasi, akingoja kusemwa.

Hakusemwa. Askari alikuwa amegeukia upande wa pili, mabega yakimcheza. Ndani ya gari Mkunga alicheka mpaka akapaliwa, akataka kutoka ili apate hewa, akashindwa. Ikabidi mumewe na askari wamvute kila mtu mkono wake. Alipoibuka, kilemba kimekaa upande, Rudi Tena naye kikamtoka kicheko kidogo, halafu kingine, halafu akashindwa kujizuia, akashika mlango asianguke.

Alikuwa bado anacheka, kwa hiyo Mkunga akachukua ufunguo. Mumewe akakaa upande wa abiria, pasi magotini, waya shingoni. Mbele kulikuwa na lori. Mkunga akawasha indiketa, akakanyaga mafuta, gari likanguruma na lori likabaki nyuma kama limeegeshwa. Rudi Tena akaikumbatia pasi.

Baada ya muda akasema, "Mke wangu, tumepita kwa dada yako."

"Najua," alisema Mkunga, na hakupunguza mwendo.