Mtumishi Gani Hufungwa Kamba?

Swali lilirushwa kutoka viti vya nyuma, likamkuta mhadhiri hana pa kulikwepa.

"Mwalimu, kitabu kinasema huyu mwanamke mwenye nywele nyeusi ni mtumishi wa nyumbani. Sasa mtumishi gani hufungwa kamba?"

Darasa likaangua kicheko. Walikuwa wakisoma shairi la Kiingereza cha kale, la miaka elfu na ushei, na maelezo ya chini ya ukurasa yaliandikwa na profesa aliyemfundisha mhadhiri mwenyewe. Wanafunzi walimwita profesa huyo Mzee Tanbihi, maana maelezo yake yalikuwa marefu kuliko mashairi. Hili moja tu, la mwanamke huyu, lilikuwa fupi.

"Tuendelee," mhadhiri akasema, na papo hapo akajichukia.

Siku tatu hakukalika. Alifungua kamusi, akaifunga, akaifungua tena. Neno lenyewe la Kiingereza cha kale lilikuwa peupe: mgeni, mtu wa kabila jingine, kisha, mtumwa. Miaka kumi na miwili alikuwa akilifundisha vile vile alivyofundishwa. Na sasa kitabu kilikuwa mezani kwake, kikingoja masahihisho kabla ya kuchapwa upya.

Siku ya nne akaenda kwa mzee. Hata kukaa hakukaa. Alimfungulia ukurasa akabaki amesimama.

Mzee akautazama, akavua miwani. "Niliandika mtumwa," akasema. "Nilikuwa mwanafunzi kule ughaibuni. Mwalimu wangu akalikata kwa wino mwekundu. 'Ninyi watu mnaona watumwa kila mahali,' akaniambia. Nami nilitaka digrii, mwanangu. Nikameza."

"Lakini ulirudi nyumbani, mzee wangu. Huku nani alikukata?"

Mzee akahangaika na miwani yake. "Ngoja nife kwanza, ndipo usahihishe."

"Na wale watoto darasani nao wangoje ufe?"

Mzee alimrudishia kitabu kikiwa kimefungwa.

Mhadhiri alisahihisha siku ile ile. Haikuwa rahisi: baba yake alipofariki, ni huyu mzee aliyemshika mkono asiache chuo. Akampelekea nakala, akakaa roho juu.

Jibu lilimfikia kwenye simu wiki iliyofuata, akiwa mlangoni mwa darasa: "Umesema kweli. Usije nyumbani kwa sasa."

Akalisoma mara mbili. Akaanza kuandika, akafuta. Ndani wanafunzi walikuwa wakipiga soga. Akaingia, akawaomba radhi, kisha akawaambia ni nani aliyefungwa kamba.