Hata Tone la Heparini

Sindano ikiwa ya godoro, Mama Magodoro hakuwa na mpinzani. Aliizamisha ile ndefu kwenye pamba, akaivuta upande wa pili, na godoro likakaa sawasawa kama limepigwa pasi. Lakini hii aliyopewa hospitali ilikuwa ndogo kama ya kuchezea watoto, na pa kuichoma palikuwa tumboni kwa kitindamimba wake.

Binti huyo, msusi, aliteleza kwenye ngazi za saluni akavunjika mguu wa kushoto. Akafungwa plasta mpaka pajani. Mtu akilala hivyo muda mrefu damu yaweza kuganda mguuni, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu, na hapo ni kifo. Kwa hiyo alianza kudungwa dawa ya kuzuia damu isigande akiwa bado wodini, akaruhusiwa amalizie nyumbani. Nesi alimfundisha mama: finya ngozi ya tumbo, choma wima, sukuma polepole, usisugue. Alama nyekundu kidogo, alisema, isikutishe.

"Wifi, taratibu," shangazi mtu alimtania siku ya kwanza, kajaa mlangoni. "Huyo ni mtoto wa kaka yangu, si godoro la futi sita. Usije ukaitokeza sindano mgongoni."

"Toka hapo, unanizibia mwanga."

Msusi alicheka mpaka mguu ukamuuma. "Shangazi, mwache mama yangu. Wala sijasikia kitu."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha zile alama nyekundu zikaanza kuwa ngumu kama gololi, zinawasha, halafu katikati pakaingia weusi, ule wa ndizi iliyosahaulika kabatini. Mama alipoziona, hakuiwaza dawa hata kidogo. Aliuwaza mkono wake. Miaka yote ya kuvuta nyuzi ngumu, vidole vimekuwa koleo. Nani alimdanganya kwamba vitaweza ngozi ya mtu? Aibu ikamfunga mdomo. Hakupiga simu hospitali. Shangazi alipopita kumjulia hali mgonjwa, yeye alivuta shuka juu. Kila ikifika saa ya dawa alitafuta mahali pasipo na alama, akachoma hapo, polepole kuliko jana, jasho linamtiririka kwenye nyusi. Kesho yake na hapo pameiva.

"Mama, labda tuwaambie," msusi alisema.

"Tuwaambie nini? Kwamba nakuchoma vibaya? Ngoja nitafute mwenye mkono mwepesi."

Akamwita dada wa duka la dawa, ambaye watoto wa mtaa mzima walidungwa na yeye na hawakulia. Tumbo mama alilifunika. "Mchome mkononi, huku juu. Tumbo limechoka." Dada akachoma, haraka na kwa ulaini, akaaga na kurudi dukani kwake.

Asubuhi mama alifunua mkono wa binti yake. Lile gololi lilikuwepo, jekundu, na weusi umeshaanza.

Alisimama pale na shuka mkononi. Hapa hakuchoma yeye. Basi ni nini? Alipoishusha shuka yote ndipo alipouona mguu wa kulia, ule mzima, usio na plasta. Ulikuwa umevimba kuanzia kisigino hadi gotini, ngozi inang'aa.

"Tangu lini huu?"

"Tangu jana jioni unavuta." Msusi alitafuta pumzi. "Na hapa kifuani pananichoma nikivuta hewa."

Mama alitoka barazani anamwita wifi yake kwa sauti ambayo majirani hawakuwahi kuisikia. Shangazi alikuja mbio, kanga hajaifunga vizuri. Alifunua mwenyewe safari hii, akaliona tumbo.

"Wifi! Umelala na hiki kitu ndani ya nyumba?"

"Nilidhani ni mkono wangu."

"Mkono wako ndio umevimbisha mguu? Lete viatu, twende!"

Ndani ya teksi mama alikipakata kichwa cha binti yake. Kila pumzi ilikuja fupi kuliko iliyotangulia, na yeye akajikuta anavuta ya kwake kwa nguvu, kana kwamba angeweza kumgawia.

Hospitali, daktari alifunua tumbo, akatazama. Akatoa damu ikapimwe haraka, akampeleka msusi kwenye picha ya kifua. Aliporudi alimkalisha mama kitini.

"Mama, mkono wako hauna kosa. Kosa ni dawa na mwili wake kutopatana. Kinga ya mwili wake imeiona heparini, hiyo dawa ya sindano, kama adui. Sasa katika kupigana nayo inazichokoza chembe zinazogandisha damu. Zinashikana ovyo, zinafanya mabonge pasipotakiwa, na zenyewe zinaisha. Zake zimeshuka vibaya."

"Dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo inayoigandisha?"

"Kwake yeye, ndiyo. Tatizo hili haliwapati wengi, lakini likimpata mtu tunaikata hapo hapo. Heparini na ndugu zake wote. Hata tone. Nitampa nyingine ya ukoo tofauti."

"Na kifua?"

"Kuna bonge mguuni, na dogo limeshafika pafuni. Tukilizuia hapo, atapona. Likipata mwenzake..."

Hata tone. Mama alikaa kando ya kitanda anayarudia maneno hayo kama mtu aliyetumwa dukani akiogopa kusahau. Manesi wakabadilishana zamu. Wa mchana aliingia na trei yake, mchangamfu, anaimba kwa puani. Alikishika kile kimpira cha dripu kilichochomekwa mkononi mwa msusi, akavuta kitu kutoka kwenye kichupa kwa bomba la sindano.

"Hiyo ni nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Ya kusafishia kimpira, mama, kisizibe. Si dawa. Wanawekewa wote."

"Inaitwaje?"

"Mama, wodi nzima inanisubiri. Hebu sogea kidogo."

Mama hakusogea. Aliweka kiganja chake juu ya kile kimpira, kiganja kizima, kizito. "Nisamehe. Nisomee tu hapo kwenye kichupa."

Nesi alishusha pumzi, akakigeuza kichupa kwenye mwanga wa dirisha ili amalize ubishi. Wimbo ukakatika.

"Heparini," alisema taratibu. "Ni kidogo tu... Mungu wangu. Sindano zake nimeona zimesimamishwa. Hii huwa hatuihesabu kama dawa."

"Na mwenzako wa asubuhi aliyekiweka hiki kimpira, alikisafisha kwa kitu gani?"

Nesi alikichomoa kimpira, akabana pamba, akatoka mbio kumwita daktari. Wakaweka kipya, wakakisafisha kwa maji ya chumvi matupu, wakabandika karatasi kubwa ya onyo juu ya kitanda. Lakini tone la asubuhi lilikuwa limeshaingia au halikuingia, na hakuna aliyeweza kulitoa. Ilibaki kusubiri kipimo cha damu cha kesho.

Kesho yake chembe hazikupanda. Hazikushuka pia. Shangazi alileta uji, ukapoa. Siku iliyofuata daktari alikuja na majibu akiwa anatabasamu kabla hajafika kitandani: zimeanza kupanda. Mguu ulikuwa bado mnene, pumzi bado fupi, ila mama alikubali kwenda kunawa uso.

Alikuwa anarudi, taulo shingoni, alipoona mgongo wa nesi mgeni umeinama kitandani, trei pembeni. Kabla hajapaza sauti aliisikia ya binti yake, imekauka lakini haitetemeki.

"Dada, kabla hujagusa hapo. Mimi heparini siwekewi. Hata ya kusafishia."

Nesi alirudisha bomba kwenye trei. "Umefanya vizuri kusema. Ngoja nilete maji ya chumvi."

Mama alimpisha mlangoni, akashika ukuta, maji yanamdondoka kidevuni.