Kuamia kwa Jina la Nsajigwa

Asubuhi hiyo Kisa alipanda dungu la shamba lake la mpunga huko Busale, akamaliza kiporo chake cha ndizi, kisha akaita, "Nsajigwa!" Vindege vya njano vikaendelea kula.

Kwao, mtu aliyeamia mpunga vizuri akifa, ndege aliowafukuza hubaki na jina lake, ili wajukuu nao wawafukuze kwa jina hilo. Hawa walikuwa wa Nsajigwa, bibi yake Kisa. Lakini mwaka ule soko la mpunga lilifunguliwa, magari ya wanunuzi yakaingia, na wageni wenye darubini nao wakaingia. Wakasema ndege huyu ana mwenyewe tangu zamani: Doktari Lindemuth, Mjerumani aliyempiga mmoja risasi hapahapa, akampeleka kwao na kumpa jina lake. Tangu siku hiyo ndege hawakulisikia tena jina la bibi. Ujeuri mtupu.

Jua lilipopanda, Lindemuth akaja mwenyewe, marehemu wa miaka mingi, buti zimelowa maji ya ziwa.

"Ugonile, mama," akamsalimu kwa lugha ya kwao Kisa.

"Ndaga. Waambie ndege wako waondoke."

Akataja jina lake mwenyewe kwa upole. Ndege wote wakaruka.

"Sasa nirudishie jina la bibi," Kisa akasema.

"Siwezi. Limefungiwa kabatini kwetu pamoja na yule ndege, na wenye funguo wako hai, hawanisikii." Aliona haya kwelikweli. Akajitolea kuja kila asubuhi.

Mudathiri, mnunuzi wa Kyela mjini aliyeungoja mpunga huo, akamsihi. "Dada Kisa, ndege wanaondoka, unataka nini tena? Mwache mzee wa watu aamie."

"Akiamia yeye, bibi yangu ndiyo basi."

Akamfukuza Lindemuth. Majirani wakampokea kwa chai, na mpunga wao ukajaa. Kisa alitupa madongo, akagonga debe, akakimbia matopeni mpaka miguu ikavimba. Wakati wa kuvuna alipata makapi. Mudathiri aliyachota kiganjani, akayapuliza, akapanda gari lake. Kisa alilia siku hiyo, kisha akatenga mbegu.

Msimu uliofuata akapanda tena dungu, akaita kwa sauti yake yote, "Nsajigwa!"

Hakuna ndege aliyetikisika. Nyuma ya nyumba, kaburini chini ya migomba, bibi akaitika: "Abee, mjukuu wangu!"

"Siyo wewe, bibi, lala tu," Kisa akajibu. "Nawaita ndege."

Akavuta pumzi, akaita tena.