Kitanda cha Kukunja

Redio, jirani wa chumba cha pili, anasema alimwona kwa macho yake fundi akimkunja mama yake mzazi ndani ya kitanda kama shuka, akakisimamisha ukutani na kuendelea kupiga misumari. Jambo likipita mdomoni mwa Redio halipungui. Wanawake wa bombani walicheka mpaka ndoo zikafurika, kisha mmoja akauliza: sasa mama wa watu anashinda wapi? Kicheko kikakatika.

Anashinda sakafuni.

Kitanda hicho fundi, binti wa huyo mama, alikiunda mwenyewe, kwa mbao za makreti ya mizigo, bawaba za mlango uliobomolewa na mikanda ya gari bovu ya kukivutia juu. Usiku ni kitanda. Asubuhi unakiegemeza ukutani, na ubao uliofungwa chini yake unashuka kuwa meza. Juu ya meza hiyo anatengeneza viti vya matairi, vya kukalia na kuhifadhia nguo, na ndivyo vinavyowalisha wote wawili. Siku zile za mwanzo mama alikuwa akikikunja mwenyewe, tena kwa kuringa. Kila mgeni aliambiwa kwamba binti yake ameongeza chumba bila kujenga.

Kisha mama akapooza upande wa kulia. Fundi, aliyekipa kila kitu kazi mbili, hakuwahi kumfikiria mtu wa kulala mchana kutwa.

Alijaribu kufanyia kazi koridoni, mwenye nyumba akamtimua kwa sababu ya kelele. Akampigia kaka yake. Kaka akasema nyumba imejaa, akamwombea mama afya njema, akakata simu. Meza ya pili nayo angeiweka wapi, kichwani?

Basi kila asubuhi humshika mama kwapani, humshusha kwenye vipande vya sponji alivyovishona pamoja, humgeuzia uso ukutani ili vumbi la mbao lisimwingie machoni. Mgongo wa mama umeanza kuchubuka. Binti huupaka mafuta haraka haraka, macho pembeni.

Leo alipoinama kumshusha, mama alimng'ang'ania kwa ule mkono mzima.

"Mwanangu," alisema, maneno yakimtoka nusu nusu. "Leo usikikunje. Leo tu, nishinde huku juu."

Mlangoni matairi yalikuwa yamerundikana, hata moja halijakatwa. Fundi alibaki ameinama vilevile. Mkono mmoja umeshikwa. Wa pili ulikuwa umeshaufikia mkanda wa kitanda.