Chuma Kilichoshikilia Mlango

Sisi watoto wa kambini hatukuogopa mizinga. Ilianza kutulilia tukiwa bado tumboni. Bendera nyekundu ikipandishwa juu ya uwanja wa shabaha, tulijua siku hiyo hakuna kukatiza kule nyuma. Ikishushwa, wanawake walikwenda kuokota kuni, na wengine, ingawa ilikatazwa, waliokota pia maganda ya risasi wakawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu.

Tulichoogopa ni lori la askari kurudi wakati lisipotarajiwa. Mama zetu waliacha nguo kwenye mabeseni, wakasimama barabarani na mapovu mikononi, wakiangalia nani anashuka na nani hashuki. Baba yangu alikuwa dereva wa malori hayo, na mwaka huo wote alikuwa mpakani.

Nyumbani tulibaki mama, mimi niliyekuwa darasa la nne, mdogo wangu mchanga, na shangazi, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuja mama alipojifungua, amsaidie kidogo kisha aondoke. Hakuondoka. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na mdomo wake haukujua likizo. Mama alifua na kupiga pasi sare za askari. Shangazi alishika mambo ya kuni na mkaa.

Siku moja alirudi na mzigo wa kuni, na juu yake chuma kizito chenye kutu, kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, kimenenepa katikati, na mkiani kina mapezi kama ya samaki.

"Hiki nacho ni nini?" mama aliuliza.

"Mimi nitajua wapi, wifi? Chuma ni chuma. Huu mlango wako unajifungafunga kama una wivu. Leo umepata mume wa kuutuliza."

Tulicheka. Tangu hapo kile chuma kikawa kinashikilia mlango wa chumba cha kulala, nyuma ya pazia, na hakuna mgeni aliyekiona.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama alikwenda kupeleka sare kwenye bwalo la maofisa. Mimi nilikuwa sebuleni napanga mashati yaliyokwisha kupigwa pasi. Shangazi alitandika gunia kwenye kizingiti cha chumba cha kulala, akalitupa pazia juu ya mlango lisimsumbue, akachuchumaa kupasua mkaa wa pasi. Donge moja likamshinda. Akaangaza huku na huku, akanyoosha mkono, akakishika kile chuma kwa mapezi yake, akapiga.

Donge lilipasuka. Ndani ya chuma kitu kikacheza, mlio mdogo, kama punje ndani ya ganda lililokauka.

"Umesikia? Kumbe kina mtoto tumboni." Akasimama, akakilaza juu ya viganja vyote viwili mbele ya kifua, akakiinamishia sikio.

Wakati huohuo mlango wa nje ukafunguliwa, akaingia sajenti mmoja tuliyemwita Mnong'ono. Walisema aliwapigia kelele makuruta miaka mingi mpaka sauti ikamkauka. Sasa hata akikukaripia ilikuwa kama anakuambia siri. Alifuata sare yake.

"Shikamoo, afande," nilisema.

Hakuitikia. Alikuwa anamtazama shangazi, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia.

"Dada, usisogee."

Kwa vile alinong'ona kama kawaida yake, shangazi alidhani ni utani. "Nisogee niende wapi na mvua hii? Ingia, sare yako iko tayari."

"Dada, tafadhali. Ulichoshika ni bomu. Usilitikise. Usiliweke chini."

Nilimwona shangazi akifungua mdomo na neno lisitoke. Sikuwahi kuliona jambo hilo kabla ya hapo.

"Ndani kuna nani?" sajenti aliuliza.

"Mtoto," nilijibu. "Amelala."

Dirisha la chumba kile lilikuwa na nondo. Mlango ulikuwa mmoja tu, na shangazi alikuwa ameujaza. Sajenti aliutazama upana wa mabega yake mwenyewe, akautazama upenyo uliobaki, kisha akanitazama mimi. Nilijua atakaloniambia kabla hajalisema.

"Binti, unaweza kupita bila kumgusa?"

Nilipiga magoti, nikatambaa kando ya miguu ya shangazi. Miguu ile ilikuwa inatetemeka hata vumbi la mkaa lilikuwa linaruka kwenye gunia. Sikuthubutu kuangalia juu. Ndani, mdogo wangu alikuwa amelala chali, ngumi zake kando ya kichwa, hana habari. Nilimwinua huku nikimwomba Mungu asilie.

Kurudi kulikuwa kubaya zaidi. Na mtoto mkononi sikuweza kutambaa. Nilijibana ukutani, nikapita kwa ubavu, hatua ndogo ndogo, na lile bomu lilikuwa usawa wa paji la uso wangu. Nusu nimepita, mguu wa mtoto ukanasa kwenye khanga ya shangazi.

"Taratibu, mwanangu," shangazi alisema, na sauti haikuwa yake. "Taratibu tu. Usivute."

Nikanasua kidole kimoja kimoja. Mtoto akafumbua macho, akamtazama shangazi yake, akatabasamu. Shangazi alifumba macho yake.

Nilipofika kwa sajenti alinishika bega. "Kimbia getini. Waambie Mnong'ono anataka watu wa mabomu, na mtaa mzima utoke."

Nilidhani tutatoka wote. Lakini nilipogeuka pale uani nilimwona anavua kofia, anaiweka juu ya mashati, anamwendea shangazi.

"Mikono inachoka, afande," shangazi alisema.

"Najua." Akapitisha viganja vyake chini ya viwiko vya shangazi. "Nipe uzito wa mikono. Chuma kibaki kwako."

Nikakimbia.

Walitutoa wote, wakatusukuma hadi nyuma ya ukuta wa shule. Mama alitukuta pale, beseni tupu mkononi. Alimpapasa mtoto, akanipapasa mimi, kisha akauliza, "Wifi yuko wapi?" Nilionyesha nyumba. Mama aliketi palepale kwenye matope.

Mtu wa mabomu alipita mbele yetu, mfupi, mwenye miwani, akiwa na sanduku la mchanga na blanketi. Hakukimbia. Nilimchukia kwa kutokukimbia kwake. Tuliisikiliza mvua, na kila bati lililogongwa na upepo lilimfanya mtu ajikunyate.

Hatimaye shangazi akatokea, Mnong'ono amemshika kiuno. Mikono ya shangazi bado ilikuwa imenyooshwa mbele, viganja juu, kama bado amebeba. Mama alijaribu kuishusha, ikakataa. Ilibidi waikande kwa maji ya moto ndipo ikakunjika.

Jioni ile walililipua uwanjani. Nilikuwa nimezoea mizinga tangu kuzaliwa, lakini mlio ule ulinikuta nimejificha chini ya meza ya pasi, na sikutoka hata waliponiita kula.

Siku zilizofuata askari walipita nyumba kwa nyumba. Walikuta jingine kwa mama muuza maziwa, limekalia kifuniko cha pipa. Jingine lilikuwa chini ya kitanda cha fundi viatu, na watoto wake walikuwa wamelipaka rangi. Kila walipotoka na kitu mikononi, mtaa mzima ulirudi nyuma.

Mnong'ono alipokuja kuchukua sare yake, shangazi alimkaribisha kiti.

"Niambie ukweli, afande. Ningeliweka chini, lingelipuka?"

"Sijui, dada."

"Sasa kwa nini ulibaki?"

Alivua kofia, akaiweka gotini. "Ningejua lingelipuka, labda ningekimbia. Kwa vile sikujua, nikabaki."

Shangazi alitikisa kichwa, akamimina chai. Kikombe kiligongana na sahani mpaka chai ikamwagika, na sajenti akakipokea kwa mikono miwili.