Wembe Uliochemshwa Mara Mbili

Mwaka wa 1954, Mishi aliposhikwa na uchungu wa mimba ya pili, mumewe Chirau, dresa, yaani msaidizi wa tabibu, wa zahanati moja karibu na Msambweni, alichemsha wembe mpya na uzi, akavipitisha mlangoni ndani ya sufuria. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa. Ndani alikuwamo mkunga, Bi Mwanarusi, naye alikuwa mama mkwe wake. Mkwe mwenye adabu hasemezani na mama mkwe ana kwa ana, sembuse kumsahihisha. Maneno yao yote yalipitia kwa Mishi.

Mtoto wa kwanza alizaliwa Chirau akiwa kazini Kinango. Alinyonya vizuri, kisha taya zikakaza, akafa. Ilikuwa pepopunda. Vijidudu vyake hukaa mchangani na kwenye samadi, navyo huingilia kitovu kibichi. Bi Mwanarusi alikuwa amekipaka masizi ya chungu, kama alivyompaka Mishi mwenyewe alipozaliwa. Chirau alilijua hilo, wala hakumwambia mtu.

"Wembe umerowa," sauti ya Bi Mwanarusi ilisikika. "Ngoja niufute."

"Mishi," Chirau aliita kutoka uani, "mwambie mama asiufute."

"Mwambie mumeo hii ni leso yangu ya kusalia."

"Mwambie mama leso ina tohara, lakini hugusa sakafu akisali."

"Semezaneni wenyewe," Mishi alisema akihema. "Mimi nina kazi hapa."

Chirau aliupa mlango mgongo. Ndiyo heshima pekee aliyoweza kuiokoa.

"Nisamehe, mama. Najisi unaijua kuliko mimi. Hivi ni vitu vingine, vijidudu, havina rangi wala harufu. Nipe wembe niuchemshe tena. Na kitovu kisipakwe kitu, kiachwe kikauke."

"Hata masizi?"

"Hata masizi."

Wembe ulitolewa nje. Maji yalipokuwa yakitokota, sauti ya Bi Mwanarusi ilikuja tena, chini zaidi.

"Yule wa kwanza, Chirau. Ni mimi?"

Chirau alikuwa na mazoea ya kusema kweli. Alitafuta iliyo kweli na inayosemeka.

"Sikuwapo, mama. Siwezi kutolea ushahidi nisichokiona."

"Na hivyo vijidudu umeviona?"

Chirau alisukuma kuni chini ya sufuria.

"Haya," alisema Bi Mwanarusi. "Niletee sabuni. Na leso hii ichemshe nayo, ndiyo ya kumpokelea mtoto."

Wembe ulirudi ndani. Leso ilitokota peke yake, rangi ikachuja, ikaanikwa juani. Ilikuwa imekauka alipozaliwa mtoto wa kike.

Kila asubuhi Bi Mwanarusi alikuja, akaketi mpaka amwone mjukuu ananyonya. Kitovu kilianguka chenyewe, kikavu. Mtoto aliendelea kunyonya, na siku za hatari zikapita. Asubuhi moja bibi aliikunjua leso iliyopauka mabaka mabaka, akamfunika nayo mtoto, akaitazama.

"Mwambie mumeo," alimwambia Mishi, Chirau akiwa hapo hapo kizingitini, "aninunulie leso nyingine. Hii kaiharibu."