Kamba ya Mkwe

Nimesema uongo mwingi maishani mwangu, na mwingi wake niliusema vizuri. Karakana nzima ilikuwa ikisubiri saa ya chai nisimulie jinsi nilivyokereza bolti nyembamba mpaka mbu akaiazima kuchokolea meno, au siku tingatinga liliponiangukia nikalikinga kwa bega hadi wenzangu walipomaliza kula. Watu walicheka, nami nikaongeza chumvi. Hayo hayakumuumiza mtu. Uongo ulioniponza ni mmoja tu, na huo hata si mimi niliyeutunga.

Miaka minne iliyopita mke wangu aliugua humu humu ndani. Binti yetu ni mpima ardhi, na wakati huo alikuwa kazini mbali, safari ya siku mbili. Alipiga simu kila jioni. Mke wangu alinishika mkono akasema, "Mwambie naendelea vizuri. Akija ataachishwa kazi aliyoitafuta miaka sita. Nitapona, kisha tutamcheka." Rafiki yangu Grisi alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha dirishani, alisikia.

Basi nikamwambia binti kwamba mama anaendelea vizuri. Kesho yake nikasema amekula. Keshokutwa, kwa kuwa mimi nikianza huwa sijui breki ziko wapi, nikasema amecheza muziki na fagio. Siku ya tano mke wangu alifariki.

Binti alifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Alinitazama akauliza, "Alicheza na fagio, Baba?" Ningemjibu nini? Kwamba aliyetaka afichwe ni mama yake, ambaye yuko chini ya udongo na hawezi kujitetea? Nani angeniamini, mimi wa mbu na bolti? Nikanyamaza. Tangu hapo habari zake nilizipata kwa dada yangu.

Mwaka huu dada akanipigia. "Kaka, mtoto ana swali moja kwako. Anataka kujua nani aliamua afichwe, wewe au mama yake. Linamla."

"Si aulize?"

"Haulizi. Anasema akuulize nini, na wewe ndivyo ulivyo? Anataka kwanza umwambie kitu kimoja, aje akikute kama ulivyosema."

"Kitu gani?"

"Chochote. Hata kama ni kuku mwenye miguu miwili, ilimradi akute miguu ni miwili."

Bahati ilioje, kitu nilikuwa nacho. "Mwambie nimetengeneza gari la rimoti kwa mikono yangu," nikasema. "Linapanda jabali la nyuma ya nyumba mpaka juu, lenyewe. Jabali ni mita mbili na sentimita kumi."

"Kaka, punguza."

"Nimepima!"

Na kweli nilikuwa nimepima.

Gari lile lilinichukua miezi saba. Usidhani ni kigari cha mbio cha watoto. Gari la kupanda mawe hutembea polepole kama mtu anayetafuta miwani yake gizani, kila gurudumu likipapasa pa kushika. Mota niliitoa kwenye wipa za lori bovu, kwa sababu mota ya wipa haina haraka lakini ina ubishi. Betri ni ya drili ya kuchajia. Rimoti na kimota cha usukani nilivitoa kwenye kidege cha kuchezea cha sokoni. Chesisi niliikata kwa msumeno wa chuma kutoka mlango wa kabati la ofisi, nikaipiga tupa mpaka jiriwa iliyoibana ikaanza kuniota. Magurudumu niliyavika mpira wa tyubu ya pikipiki, ndani nikajaza sponji ya godoro ili yabonyee juu ya jiwe na kulikumbatia.

Ekseli za chuma nilizikereza mwenyewe, kwa drili niliyoilaza mezani nikaifanya mashine. Nilizifunga ili magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja, la kushoto likining'inia hewani la kulia liendelee kuvuta. Na ndani ya rimu za mbele niliyeyushia madini ya risasi, maana gari likiwa jepesi mbele, kwenye mwinuko hupindukia nyuma na kulala chali kama mende.

Nililiita Kenge.

Grisi alikuwa akija kila asubuhi kunikejeli. Tumefanya kazi pamoja miaka thelathini na moja, na binti yangu humwita Baba Mdogo tangu alipojua kusema.

"Hili gari au meza ya chai?"

"Kunywa chai yako."

"Mwendo wenyewe huu! Likifika juu tutakuwa tumeshazikwa."

"Utatangulia wewe. Mimi nina kazi ya kumalizia."

Lakini siku Kenge alipofika kileleni mara ya kwanza, Grisi aliinuka kwenye stuli akavua kofia. Jabali lile mke wangu alikuwa akianikia nguo. Ubavuni lina vidaraja vitano alivyonichongesha kwa tindo mwaka tuliohamia, ili asiteleze na beseni. Kenge hakupita kwenye vidaraja. Alipita usoni, palipo na ufa, akiinua gurudumu moja, akiegemea, akitulia, akiinua jingine. Nilikuwa nimebonyeza rimoti mpaka kidole gumba kikawa cheupe.

Majuma yaliyofuata tulijaribu mara ishirini. Alifika juu mara kumi na saba. Mara tatu alipinduka kwenye ule ufa, na mara moja kati ya hizo alivunja usukani.

Hapo ndipo ilipoingia kamba ya mkwe.

Karakana yetu ilikuwa na sheria isiyoandikwa ukutani. Winchi ikinyanyua injini, mnyororo ndio unaobeba, lakini pembeni lazima iwepo kamba ya pili, imelegea, na mtu ameishika. Haivuti kitu. Ni ya siku mnyororo ukikatika. Tuliiita kamba ya mkwe: yupo, anakutazama, lakini humgusi. Na mshikaji ana kazi moja tu. Akihisi mshtuko, asifikiri, avute na afunge. Grisi ndiye aliyekuwa mshikaji wetu. Siku moja bosi alikuwa na haraka, tukanyanyua bila kamba, mnyororo ukaachia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Grisi vilibaki chini ya injini. Tangu siku ile hatukupandisha mzigo wowote bila mkwe.

Sitamsingizia Grisi. Ni mimi niliyesema, "Kesho binti akija, tuweke kamba."

"Kwa nini? Si linapanda?"

"Linapanda. Likianguka mbele yake na kuvunjika, sina jingine la kumwonyesha."

Tukatumia mshipi wa kuvulia samaki, mwembamba usioonekana, maana kamba nene ingemlemea. Tukaufunga kwenye chesisi, ukapita juu ya jabali, ukashuka upande wa pili hadi nyuma ya tangi la maji, Grisi amekaa kwenye ndoo, mkononi kibiringo cha kuuzungushia. Nilimwonya mara tatu, "Usivute hata unywele. Akipanda, apande mwenyewe."

"Unamfundisha nani?" akasema, akininyooshea ule mkono wa vidole vitatu.

Kwa nini sikumwambia binti? Nimejiuliza sana. Nusu ya jibu ni kwamba kamba ya mkwe haitangazwi, inakuwepo tu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka amwone Kenge yuko peke yake juu ya jiwe, bila kitu. Nilitaka ipendeze. Ndiyo maradhi yangu hayo.

Alifika saa nne asubuhi, begi moja begani. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda."

"Basi hujakonda."

Hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, akatoa tepu yake ya kazini, akalipima jabali kutoka chini hadi juu. Akasoma mara mbili.

"Mita mbili na sentimita nane."

"Tepu yako imelegea."

"Umeongeza sentimita mbili, Baba." Lakini pembeni ya mdomo wake nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu msiba. Kilikuwa kidogo, nikakichukua hivyo hivyo.

Nikamweka Kenge chini ya jabali, nikawasha. Mota ikanguruma kwa chini. Binti alichuchumaa, macho yamemtoka, kama alivyokuwa akichuchumaa kuwatazama siafu. Kenge akapanda. Kwenye ufa gurudumu la mbele la kulia likaning'inia, likazunguka bure, moyo wangu ukaenda nalo. La kushoto likauma. Akajivuta. Mshipi, nakuapia, ulikuwa umelegea kama kamba ya nguo isiyo na nguo. Dakika tatu na nusu, Kenge akasimama kileleni.

"Umelitengeneza wewe?" binti akauliza.

"Kila kitu. Hata hizo ekseli."

"Hizi ekseli?"

"Nimezikereza pale mezani. Nenda kaone chuma kilivyotapakaa, sijafagia."

Akainuka, akapanda vile vidaraja vitano vya mama yake, mkono mmoja kwenye jiwe. Akafika juu, akapitisha kiganja mgongoni mwa Kenge. "Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya nyumbani kabisa, "kweli limepanda."

Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno. Ataniuliza, nami nitamwambia: ni mama yako, mwanangu, kwa sababu ya kazi yako, na Baba Mdogo alikuwepo.

Kisha bangili yake ikanasa kwenye mshipi.

Aliuvuta mkono. Nyuma ya tangi Grisi akahisi mshtuko. Miaka thelathini na moja mkono ule ulifundishwa jambo moja, na hauoni jabali wala binti. Ukavuta, ukafunga. Kenge akaburutwa, magurudumu juu, akatokomea upande wa pili. Tukasikia chuma kikipiga saruji ya tangi.

Binti alibaki amesimama, mshipi umemzunguka kiwiko. Akaufuata kwa macho mpaka mwisho wake. Grisi alikuwa ametokea, kibiringo mkononi, mdomo wazi.

"Sikuvuta, mwanangu," akasema. "Wakati wa kupanda sikuvuta hata unywele."

"Nawe, Baba Mdogo?" binti akauliza.

Nilikwenda kumwokota Kenge. Ekseli ya mbele ilikuwa imekatika katikati, mota imeng'oka. Nilirudi nimempakata, nikaanza kueleza. Nikaeleza winchi, mnyororo, kamba ya mkwe, bosi mwenye haraka, vidole vya Grisi chini ya injini. Sikuongeza chumvi hata chembe. Sijawahi kusimulia kitu kikavu namna ile. Binti alikuwa ameshashuka; alisikiliza mpaka mwisho, mpima ardhi hasa, hakukatiza.

"Vidole vya Baba Mdogo vililiwa na mamba," akasema.

Nikamweka Kenge chini.

"Nilikuwa darasa la tatu. Ulinisimulia wewe. Kwamba alimpiga mamba ngumi, akabaki na vitatu. Niliwasimulia darasa zima, Baba. Walinicheka mpaka nikahitimu."

Grisi aliutazama mkono wake, kama vile naye hana uhakika.

"Nilidanganya kuhusu mamba," nikasema.

"Na sasa?"

"Sasa ni kweli. Nipe wiki mbili nikereze ekseli nyingine. Utaliona linapanda bila kamba."

"Nimeshaona linavyopanda." Akaitoa bangili kwenye mshipi taratibu, asiukate, akamkabidhi Grisi ncha yake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akachukua begi.

Tulimfuata hadi getini. Alishashika komeo alipogeuka. Hakuwa amelia. Ningependa angekuwa amelia.

"Nilikuwa na swali."

"Shangazi yako aliniambia."

"Nani aliamua nisiambiwe?"

Nilimwona Grisi akivuta pumzi, mdomo umefunguka. Nikamwinulia kiganja, ishara yetu ya kusimamisha winchi. Akasimama.

Nilimtazama binti yangu. Ukweli ulikuwa pale mdomoni. Nikauona utakavyomfikia: mzee na mwenzake wa kibiringo wanamtwisha marehemu mzigo wao. Angeutupilia mbali ukweli wenyewe, na jina la mama yake likachafuka bure. Tena, hata angeuamini, angeondoka na nini? Na mama aliyemfungia mlango. Sasa hivi bado angeweza kuwa na mama aliyenyimwa kuagana, kama yeye.

"Ni mimi," nikasema. "Mama yako alitaka uje. Mimi ndiye niliyekataa."

Alinikazia macho kama ninavyodhani huzikazia zile nguzo zake za kupimia mipaka, akitafuta pale ninapopinda. Hakupaona.

"Asante," akasema. "Hilo nakuamini."

Akafunga geti kwa adabu, bila kelele. Tulisikia viatu vyake mpaka kona.

Grisi alikuwa bado ameshika kibiringo. Akaanza kuuviringa mshipi, mzunguko kwa mzunguko, kama tulivyofanya kila kazi ilipokwisha na mzigo ukawa umetua.